Dawa ya moyo ya batoto isikatike

Mutoto wa mwenzetu mumoja wa ku kariere iko na miaka 9. Ni mwembamba, mulefu kupita darasa lake yote, vidole kama vya mutu mukubwa, na anavaa miwani ya nguvu. Ku kampi walikuwa wanamucheka tu. Hakuna aliyewaza moyo wake, mpaka munganga alimutuma kupiga eko.

Ugonjwa unaitwa Marfan, jina la munganga Mufaransa wa batoto aliyeuandika mu 1896. Haiko bulozi, hauambukizi. Muzazi mwenye kuwa nao, kila mutoto wake anaweza kuupata nusu kwa nusu. Lakini karibu mugonjwa mumoja kati ya bane, bazazi wake hawana kitu. Basi mama asisumbuliwe na maneno ya famili.

Sisi tunajua mupira wa kompresa: mahali umelegea, presio inauvimbisha. Aorta, mushipa mukubwa unaotoka mu moyo, ni vile vile. Kwa batoto hawa nyuzi zake ni legevu, kila pigo la moyo linaipanua kidogo. Siku ikipasuka, mutu anaweza kufa mu saa chache.

Dawa haiponyeshi, inachelewesha. Kuko zile za kutuliza mapigo ya moyo, kama atenolol, na kuko losartan, ile bababa wengi wanameza kwa tansio. Utafiti moja uliotoka mu 2014, wa batoto na vijana 608, ulizilinganisha kwa miaka 3: haukuona tofauti kubwa. Ile inatusaidia. Moja ikikosekana, munganga anaweza kuwaza ingine. Munganga, siyo jirani! Mwenye asima, atenolol inaweza kumufunga pumzi.

Mwaka jana dispansere yetu ilikosa atenolol wiki tatu. «Murudi kesho», kila siku. Na dawa ile haikatwi gafla, moyo unaweza kuanza kupiga kwa nguvu. Sheria ya kazi inamupa mwajiri deni la kutunza mutumikaji pamoja na jamaa yake. Tuliomba stoki ya miezi 3 na eko kila mwaka. Stoki bakubwa walikubali. Eko bado, baba analipa mwenyewe njia ya kufika Lubumbashi.

Tunarudi kuongea nao Alhamisi. Bazazi ambao munganga amekwisha kuwaandikia dawa hizi, mulete karatasi ku ofisi ya sendika mbele ya Jumatano jioni.