Kutoka Sokoni Hadi Kilimani: Chakula na Sanaa Katikati ya Los Angeles

Katikati ya jiji la Los Angeles, nchini Marekani, lipo eneo ambalo kundi la marafiki linaweza kulizunguka kwa miguu tangu asubuhi hadi jioni, likala katika soko la kale na kisha likatazama sanaa ya kisasa, bila haja ya gari katika jiji linalojulikana kwa wingi wa magari. Soko hilo ni Grand Central Market, lililofunguliwa mwaka 1917, na jumba la sanaa ni The Broad, lililofunguliwa Septemba 2015. Kutoka sokoni hadi kwenye jumba hilo hupandwa kilima kiitwacho Bunker Hill, na kilima hicho ndicho kinachoyapa matembezi haya uzito wake, kwa kuwa anayekipanda baada ya kula hupita karibu na njia waliyopita wakazi ambao jiji liliwahamisha.

Grand Central Market ni ukumbi wa vyakula, yaani soko lililo chini ya paa moja ambamo wachuuzi wengi hupika na kuuza kila mmoja kibandani pake, huku walaji wakiketi kwenye meza za pamoja. Vibanda vyake husimulia historia ya uhamiaji wa jiji hilo: China Cafe, kwa mfano, imekuwapo tangu mwaka 1959, na jirani zake huuza vyakula vya Meksiko na Amerika ya Kati. Kinachostahili kutazamwa kabla ya kuliwa ni pupusa, mkate mnene wa El Salvador ambao unga wake hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwanza katika maji ya chokaa, ili maganda yatoke na unga uweze kushikana. Mpishi hushika donge kiganjani, akalibonyeza katikati, akatia jibini, maharage au nyama ya nguruwe, akalifumba na kulipigapiga kwa viganja vyote viwili hadi likawa duara bapa, kisha akaliweka juu ya bamba la chuma lenye moto. Huliwa pamoja na kabichi iliyochachuliwa kwa siki, ambayo mlaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataitambua mara moja kuwa jamaa wa achari. Marafiki hufaidi zaidi wakiagiza kila mmoja kutoka kibanda tofauti na kula kwa kushirikiana, jambo ambalo pia hupunguza gharama, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 soko hili limepokea wachuuzi wapya wenye bei za juu, na baadhi ya wauza mboga na vyakula vya bei nafuu wameondoka.

Mkabala na mlango wa soko upande wa Hill Street kuna Angels Flight, reli fupi ya mteremko iliyoanza kazi mwaka 1901. Mabehewa yake mawili, Sinai na Olivet, yamefungwa kwa kamba ya chuma kwa namna ambayo moja likipanda jingine hushuka, na uzito wa linaloshuka husaidia kulivuta linalopanda. Reli hii iliwahudumia wakazi wa Bunker Hill, ambako majumba ya kitajiri ya karne ya 19 yalikuja kugawanywa vyumba na kupangishwa kwa wazee na watu wa kipato kidogo, ambao walishuka mjini kufanya kazi na kununua mahitaji yao. Mwaka 1959 jiji liliidhinisha mpango wa kulijenga upya eneo hilo. Bomoabomoa ikafuata, maelfu ya watu wakahamishwa, na mwaka 1969 reli yenyewe ikang'olewa. Ilirejeshwa mwaka 1996, kusini kidogo ya mahali pake pa awali, lakini nyumba ilizozihudumia hazikurudi. Ni haki mgeni ajue hayo anapofika juu na kukuta maghorofa ya ofisi na viwanja vilivyosakafiwa vizuri.

Juu ya kilima hicho ndipo ilipo The Broad, iliyojengwa na Eli Broad, aliyetajirika kwa ujenzi wa nyumba na bima, pamoja na mkewe Edythe, ili kuhifadhi mkusanyo wao wa kazi zipatazo 2,000. Kiingilio cha kawaida ni bure, uamuzi unaostahili sifa, ingawa ni busara kuweka nafasi mapema kwa njia ya intaneti. Ukuta wake mweupe wenye matundu huchuja mwanga wa jua, na ndani yake ghala la kazi zisizoonyeshwa limewekwa katikati ya jengo, hivyo ngazi za umeme hulipenya kuelekea ghorofa ya juu, na anayeshuka kwa ngazi za kawaida huchungulia kupitia madirisha picha zilizopangwa kwenye fremu zake za kuhifadhia.

Miongoni mwa kazi za mkusanyo huo ni meza na viti vya Robert Therrien vya mwaka 1994, vyenye kimo cha mita tatu hivi, ambavyo mtu mzima hupita chini yake na kuyaona mazingira kama ayaonavyo mtoto. Yenye kina zaidi ni Red Block ya mwaka 2010, ya El Anatsui, msanii wa Ghana aliyeishi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Kwa mbali huonekana kitambaa chekundu kilichokunjamana ukutani. Kwa karibu huonekana vipande vya alumini vya chupa za pombe, vilivyopondwa na kushonwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika Magharibi katika biashara iliyohusisha pia utumwa, na msanii ameichagua malighafi hii akiijua historia hiyo.

Anayetaka kuwaona watu wa Bunker Hill yenyewe hana budi kutenga siku nyingine, kwa sababu mchoro mashuhuri wa Millard Sheets wa mwaka 1931, unaoitwa Angels Flight na unaoonyesha wanawake wawili wakiwa juu ya ngazi za kilima hicho, umo katika mkusanyo wa Los Angeles County Museum of Art, kilomita kadhaa upande wa magharibi.