Mfuko wa Kulalia au Duveti? Soma Hii Kabla Hujalala Kwenye Hamoki

Unafika kambini, unafunga hamoki yako kati ya miti miwili, unajilaza, kila kitu safi. Ikifika saa tisa usiku unashtuka mgongo umekuwa barafu, wakati kifuani uko sawa kabisa.

Wengi yakiwakuta haya wanasema wameuziwa mfuko wa kulalia feki. Mara nyingi mfuko hauna kosa lolote. Shida iko kwenye hamoki yenyewe, yaani kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inia. Ukielewa kinavyofanya kazi, utajua hela yako ianzie wapi.

Kwanini mgongo ndio unaoganda?

Mfuko wa kulalia hautengenezi joto, na blanketi pia halitengenezi. Joto linatoka mwilini mwako. Kazi ya yale manyoya ya bata au pamba ya kiwandani iliyomo ndani ni kushika hewa ili joto lako lisitoroke.

Sasa ukiulalia, uzito wako unaukandamiza. Hewa yote inatoka, na chini ya mgongo unabakiwa na kitu chembamba kama shati. Kwenye hema huoni shida sana kwa sababu unalalia mkeka wa sponji. Kwenye hamoki hakuna kitu chini yako, na upepo unapita hapo usiku kucha.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawasemi. Mifuko mingi mizuri ina namba za nyuzijoto zinazopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537. Kwenye kipimo hicho, sanamu lenye joto hulazwa ndani ya mfuko huku likiwa juu ya mkeka. Kwa hiyo namba unayoisoma tayari imehesabu kwamba una mkeka chini. Ukiutoa mkeka, namba hiyo haina maana tena.

Kidokezo: ukiona namba mbili, moja ya kulala kwa starehe na nyingine ya kikomo, nunua kwa kufuata ile ya starehe.

Duveti ya kambi ni ipi?

Ziko mbili, na kila moja ina kazi yake.

*Duveti ya juu* unajifunika kama ile ya nyumbani, ila upande wa miguuni imeshonwa kama soksi ili miguu isitoke nje. Haina upande wa mgongoni, kwa sababu sehemu hiyo ungeikandamiza tu. Ndiyo maana ni nyepesi na inaingia kwenye begi kirahisi.

*Duveti ya chini* inafungwa kwa kamba za mpira nje ya hamoki, chini ya mgongo wako. Kwa kuwa huilalii, inabaki imetuna na inashika hewa vizuri. Hii ndiyo dawa yenyewe ya mgongo baridi.

Ila ifunge kwa makini. Ikilegea, upepo unaingia kati yake na hamoki. Ikikazwa sana, inakandamizwa na unarudi kule kule. Ukishajilaza, mwambie mwenzako apitishe mkono katikati: duveti iguse mgongo wako bila kuubana.

Mfuko wa kulalia unafaa wapi?

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua mfuko. Unautumia kwenye hema, kwenye banda la wageni, hata ukilala sebuleni kwa ndugu.

Na kama ndoto yako ni Mlima Kenya au Kilimanjaro, kumbuka kwamba ukishavuka msitu hakuna miti ya kufungia hamoki. Huko unalala kwenye hema au kibanda, na baridi ya usiku hushuka chini ya sifuri. Mfuko mzito wenye kofia ndio unaokufaa.

Ubaya wake ni kwamba kuingia ndani ya mfuko huku hamoki inabembea ni kazi. Zipu inakwama, unajipindua, na ukitaka kwenda kukojoa usiku unaanza upya. Afadhali uufungue zipu, uache sehemu ya miguu tu, halafu ujifunike kama duveti. Tayari una duveti ya juu bila kuongeza hata shilingi.

Angalia unakokwenda

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzijoto 6. Usiku wa nyuzijoto 22 pwani unakuwa kama nyuzijoto 8 ukifika Nyahururu, ambako ni zaidi ya mita 2,300. Kati ya mwezi wa 6 na wa 8 ndipo nyanda za juu zinapouma zaidi, Kenya na Tanzania pia.

- Pwani na sehemu za joto: Duveti wala mfuko mzito huhitaji. Shuka au blanketi jepesi linatosha. Adui wako ni mbu, ambaye anaweza kukuuma kupitia kitambaa chembamba kilichogusana na mgongo, hata kama umefunga chandarua juu. Tafuta hamoki ya vitambaa viwili.
- Milima ya wastani kama Usambara: Mfuko uliofunguliwa juu, mkeka wa sponji chini. Inatosha kwa watu wengi.
- Misitu ya juu yenye baridi kali, na unakwenda mara kwa mara: Hapa duveti mbili zinalipa. Ukiwa na bajeti ya moja tu, anza na ya chini, kisha juu utumie mfuko ulio nao.

Misitu hiyo pia ina unyevu mwingi. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowa yananywea na hayakusaidii tena. Pamba ya kiwandani ni nzito kidogo, ila inavumilia unyevu zaidi. Kwa vyovyote vile, funga turubai juu ya hamoki. Kulowa na kupigwa na upepo kunaweza kukuletea hatari hata pasipo theluji. Ukianza kutetemeka bila kukoma, vaa nguo kavu, jifunike, na uhamie sehemu yenye joto. Usisubiri asubuhi.

Kama bajeti haijakaa sawa

Sponji ngumu ya mkeka wa kambi haikandamizwi kirahisi kama manyoya, kwa hiyo inafanya kazi hata ukiilalia. Iweke ndani ya hamoki. Kama hamoki yako ina vitambaa viwili, iingize katikati yake ili isiteleze usiku.

Tatizo la mkeka ni upana. Hamoki inakukunja mabegani, na mkeka mwembamba hauyafikii. Kata kipande kingine cha sponji ukiweke kwa kukingama usawa wa mabega.

Baadhi ya mifuko ina zipu inayofunguka mpaka miguuni. Huo unaweza kuupitishia hamoki katikati, ukauzungusha wote nje. Sehemu ya chini inabaki imetuna, sawa na duveti ya chini.

Mwisho, jaribu vifaa vyako usiku mmoja nyumbani kabla ya safari. Funga hamoki uwanjani au kwenye nguzo imara za baraza, ulale mpaka alfajiri. Mgongo ukiganda, kitanda chako kiko hatua chache tu kutoka hapo.