Kabla ya Harambee: Kukata Mishipa ya Fahamu Kunamsaidia Mtoto Kiasi Gani?

Vikundi vyetu huitisha harambee mtoto wa mwenzetu akihitaji matibabu. Ni vyema. Lakini kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye miguu yake imekakamaa, tujue kwanza pesa zetu zitaleta nini.

Kuna upasuaji ambapo daktari hukata baadhi ya nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoingia kwenye uti wa mgongo, huku chini kiunoni. Nyuzi hizo huchochea misuli ikaze kupita kiasi. Dkt. Warwick Peacock aliuendeleza huko Cape Town kuanzia mwaka wa 1981.

Je, matokeo? Misuli hulainika sana. Lakini tusidanganyane. Mwaka wa 2002 watafiti walijumlisha majaribio 3 ya Kanada na Marekani, yenye watoto 90. Waliopasuliwa na kufanya mazoezi waliwashinda wenzao wa mazoezi pekee kidogo tu katika kusimama na kutembea. Ubongo wenyewe hauponi, na uzi uliokatwa haurudishwi.

Upasuaji huu hufaa zaidi mtoto mdogo anayeweza tayari kutembea, hata kama ni kwa mkongojo. Baadaye huja mazoezi ya miezi mingi.

Kwa hivyo muulizeni daktari: Huyu wetu anafaa? Nani atamfanyisha mazoezi? Nauli ya kliniki itatoka wapi? Akiambiwa hafai, msivunje kikundi. Mazoezi, kiti cha kumkalisha vizuri na nafasi shuleni bado anavihitaji.