Hewa Ileile, Nyumba Tatu: Utangulizi wa Injini za Stirling

Ukiifungua injini ya Stirling ukatafuta plagi, kabureta au valvu, hutaviona. Moto huwaka nje ya silinda. Ndani mna hewa ileile iliyofungiwa: hupelekwa upande wa joto ikatanuka, hurudishwa upande wa baridi ikasinyaa. Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, aliipatia hataza mwaka 1816.

Anayeanza somo hili hukutana mapema na majina alfa, beta na gama, akadhani ni vizazi, kana kwamba gama ni mjukuu wa alfa. Sivyo. Injini ya Stirling mwenyewe leo tungeiita beta. Mimi husimama mbele ya kila mtambo na swali moja tu: hewa inahamishwa na nani?

Katika alfa huhamishwa na pistoni mbili, kila moja na silinda yake, ya moto na ya baridi. Zote hubeba presha, hivyo zote lazima zizibe barabara. Hapo ndipo penye taabu, maana ringi zilizo karibu na moto huchakaa upesi na mafuta ya kulainisha huungua. Anayeivumilia taabu hiyo hupata nguvu nyingi kwenye injini ndogo.

Beta na gama hugawa kazi. Pistoni moja hukaa upande wa baridi ikipokea nguvu. Hewa huhamishwa na kihamishi, dude jepesi lililo jembamba kidogo kuliko silinda. Hewa hupita ubavuni mwake, na kwa kuwa presha ya pande zake mbili hukaribia kulingana, halihitaji ringi. Beta huviweka vyote viwili katika silinda moja. Hewa hubanwa vizuri, ila fimbo ya kihamishi mara nyingi hulazimika kupenya katikati ya pistoni, na hilo humsumbua fundi. Gama huvitenganisha, kila kimoja na silinda yake, kwa njia ya hewa kati yao. Kuunda ni rahisi, lakini hewa iliyobaki njiani haisaidii kitu.

Hata hivyo, ningependa uanze na gama. Injini nyingi ndogo zinazozunguka juu ya kikombe cha chai ya moto ni za aina hii. Itazame kwa utulivu: kihamishi hutangulia pistoni kwa takriban robo ya mzunguko, na katika robo hiyo hewa huwahi kupata joto kabla ya kusukuma.