Okidi za Uluguru Si Kupe

Mwanafunzi wa Mazimbu atakaye kuona bustani ya mimea ya kigeni aweza kusafiri hadi Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianza mwaka 1902 kuotesha mimea ya pande nyingi za dunia, pamoja na miti ya kwinini. Okidi, hata hivyo, anazo jirani, katika misitu ya milima ya Uluguru.

Nyingi huota juu ya matawi, na watu hudhani kwamba zanyonya mti. Sivyo. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe kama sponji lifyonzalo maji ya mvua na umande. Mti ni kiti tu. La ajabu zaidi ni mbegu: ndogo kama vumbi, isiyo na akiba ya chakula iliyomo katika punje ya hindi. Haimei porini ila ilishwe kwanza na kuvu fulani. Ndiyo maana okidi iliyobanduliwa na kutiwa chunguni mjini, hata ikichanua, aghalabu haiachi kizazi.

Mwalimu ahitajiye kielelezo na aombe kibali kwa maafisa wa hifadhi, kisha atafute tawi lililoangushwa na upepo. Okidi zilizo juu yake aghalabu hufa hapo chini kwa kukosa mwanga.