KUAGANA NA MIWANI SI JAMBO LA KUKURUPUKIA

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mpwa wangu alinijia nyumbani akiongozana na mkewe. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za watoto, wote wawili walinyamaza kwa namna ambayo mtu mzima huielewa mara moja. Walikuwa na shauri, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze.

"Mjomba," alisema mpwa wangu hatimaye, "nataka kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Nimechoka na miwani."

"Kwa fedha za bati," akadakia mkewe.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofahamu kuwa shauri lile halikuwa la macho peke yake. Mpwa wangu ana umri wa miaka 39, naye ni dereva wa lori la mizigo baina ya Dar es Salaam na Tunduma. Amevaa miwani tangu alipokuwa mwanafunzi wa sekondari, na namba yake ni hasi 4.25 kwa kila jicho. Maana yake ni kwamba bila miwani haoni vizuri kitu kilicho mbali. Usiku mmoja, kwenye mteremko wa Kitonga, alitoka nje kukagua matairi katika mvua. Miwani ikamponyoka, yeye na utingo wake wakaitafuta kwa tochi muda wa robo saa. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine. Nyumba yao, kwa upande wake, ilikuwa imesimama kuta tupu kwa mwaka wa pili, nao wakiendelea kulipa kodi ya vyumba viwili vya kupanga.

Sikutaka kutoa hukumu katika jambo nisilolijua. Nikamwambia kwamba kabla ya kugombania fedha, twende kwanza kwa daktari bingwa wa macho, tumsikilize. Niliyoyasikia huko, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwa kuwa najua mpwa wangu si peke yake anayeiwazia leza.

BATA MZINGA WA SRINIVASAN

Upasuaji huu una asili ya ajabu kidogo. Mnamo Novemba 1981 mwanasayansi mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM huko New York, alichukua mabaki ya bata mzinga wa sikukuu akayapeleka kazini. Yeye na wenzake, Samuel Blum na James Wynne, walikuwa na chombo kiitwacho leza ya eksima, kinachotoa mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Walipouelekeza mwanga huo kwenye mabaki yale, uliyachonga kwa usafi wa kustaajabisha, bila kuacha alama ya kuungua pembeni. Sababu yake ni kwamba mwanga huo hukata kwa kuvunja vifungo vinavyoshikilia chembe ndogo kabisa za nyama, wala si kwa kuichoma kama moto. Mnamo mwaka 1983 daktari wa macho wa New York, Stephen Trokel, alishirikiana na Srinivasan kuujaribu mwanga huo juu ya konea za wanyama, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikaruhusu utumike kusahihisha macho ya binadamu.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, juu ya mboni. Hapo ndipo mwanga unapopindwa kwanza ili picha iangukie sawasawa kwenye retina, yaani pazia la nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, aghalabu jicho ni refu kupita kiasi, hivyo picha huangukia mbele ya pazia. Miwani huisogeza picha hiyo nyuma. Leza hufanya kazi ileile kwa kuichonga konea yenyewe ili iwe bapa kidogo.

Katika njia inayojulikana zaidi, ambayo huitwa LASIK, daktari hukata kwanza kifuniko chembamba juu ya konea, akakifunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikachonga chini yake, kisha kifuniko kikarudishwa mahali pake. Hakishonwi. Mgonjwa huwa macho wakati wote. Hutiwa matone ya ganzi, na kope zake huzuiwa zisifumbe. Kwa muda mfupi, jicho linapobanwa ili kifuniko kikatwe, uoni hufifia, na wengine husema walisikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Uchongaji wenyewe kwa kawaida hauzidi dakika moja kwa kila jicho. Njia ya pili, iitwayo PRK, haina kifuniko. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, nayo huota tena. Maumivu yake huendelea siku kadhaa na uoni huchukua majuma kutulia, lakini hufaa kwa mwenye konea nyembamba au kwa bondia na mwanajeshi, ambao pigo la jicho linaweza kukihamisha kifuniko.

HESABU YA MIKRONI

Daktari yule hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipochukua karatasi na kalamu nilimpenda. Alimweleza mpwa wangu kwamba konea yake katikati ina unene wa mikroni 530, yaani nusu milimita na kidogo. Kifuniko kingechukua mikroni 110. Kila namba moja ya miwani inayoondolewa hula mikroni 12 hadi 15. Kwa namba 4.25 ni kama mikroni 60. Ondoa zote hizo, zinabaki 360 chini ya kifuniko, na madaktari wengi hawakubali kushuka chini ya 250. Kwa hesabu hiyo konea yake ilikuwa inatosha. Mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini unene si kila kitu. Konea hupigwa picha maalumu inayoonesha mwinuko wake wote kama ramani ya mlima, ili kutafuta dalili za ugonjwa unaoifanya ichongoke mbele kama pia. Mwenye dalili hizo akichongwa, konea hudhoofika na kuzidi kuvimba, na mtu aliyekuwa akiona vizuri kwa miwani huweza kujikuta haoni vizuri hata kwa miwani. Hili wazazi walisikie: ugonjwa huo huandamana mara nyingi na mzio wa macho na tabia ya kuyafikicha, na watoto wenye macho ya kuwasha daima ni wengi mitaani mwetu. Kliniki isiyopiga picha hiyo, ikakubali kukufanyia upasuaji siku hiyohiyo, haifai kupewa jicho lako.

Kuna wengine ambao hupaswa kungoja au kuacha kabisa. Kijana ambaye namba yake ingali ikipanda hana sababu ya kuharakisha. Namba itulie kwa mwaka mzima kwanza. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri, maana homoni huigeuza namba. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au maradhi yanayofanya mwili kujishambulia wenyewe, huenda kidonda chake kisipone vema. Anayevaa lenzi za kubandika jichoni sharti aziache kwa majuma kadhaa kabla ya vipimo, kwa kuwa huibonyeza konea na kuvuruga ramani yake.

Wapo pia wanaodhani leza hii hutibu kila ugonjwa wa macho. La hasha. Haiondoi mtoto wa jicho, ambao ni ukungu katika lenzi iliyo ndani. Haiponyi glakoma. Na mtu aliyekuwa na namba kubwa ya kutoona mbali hubaki na jicho lilelile refu, lenye hatari ileile ya retina kubanduka, ijapokuwa hana tena miwani usoni. Akiona ghafla mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia, akimbilie hospitali kama mwenzake mwenye miwani.

TAA ZA USIKU

Hapo daktari alimwuliza mpwa wangu swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Unaendesha usiku saa ngapi?"

Akajibu kuwa mara nyingi huondoka jioni na kukesha njiani.

Yafaa ieleweke kwamba upasuaji huu huwaridhisha walio wengi. Katika utafiti uitwao PROWL, uliosimamiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zaidi ya watu 95 katika kila 100 waliridhika na uoni wao. Lakini utafiti huohuo ulieleza upande wa pili. Miongoni mwa watu ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na tatizo lolote la kuona mng'ao, miale au duara za mwanga kuzunguka taa, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau tatizo moja la namna hiyo miezi 3 baadaye. Kati ya wale waliokuwa hawana ukavu wa macho, hadi asilimia 28 waliupata. Waliotaabika sana katika shughuli zao za kila siku hawakufika asilimia 1. Kwa karani wa ofisini, duara kuzunguka taa ya barabarani ni kero ndogo. Kwa mtu anayeshika usukani wa lori usiku wa manane katika barabara ya Mikumi, magari ya mbele yakimmulika taa kali, kero hiyohiyo ni jambo la mkate wake, na la uhai wa wengine.

Ukavu nao una sababu yake. Kifuniko kinapokatwa, hukata pia neva ndogo za konea zinazoliambia jicho litoe machozi. Neva hizo huota tena polepole kwa miezi, na kwa wachache haziotei vizuri. Mpwa wangu alipowekewa kikaratasi ndani ya kope ya chini kwa dakika 5, machozi yalilowesha milimita 6 tu. Daktari alitaka zaidi ya 10. Miaka kumi na mitano ya vumbi na feni za kwenye kabini ilikuwa imekwisha fanya kazi yake. Akaandikiwa machozi bandia na kuambiwa arudi baada ya miezi 3. Kabla ya hapo hakuna upasuaji.

Kisha likaja neno lililomnyamazisha kabisa. Kila binadamu, akikaribia au kupita miaka 40, lenzi ya ndani ya jicho lake hukakamaa, naye huanza kuisogeza barua mbali ili aisome. Leza ya konea haizuii jambo hilo. Asiyeona mbali ana bahati moja ambayo hajui kuwa ni bahati: akivua miwani, husoma maandishi madogo bila taabu mpaka uzeeni. Mwenye namba hasi 4.25 huona barabara kitu kilicho sentimita 24 kutoka jichoni. Mpwa wangu akichongwa leo, ataacha miwani ya barabarani, na baada ya miaka michache atanunua miwani ya kusomea hati za mzigo kwenye mizani. Ipo njia ya kulisahihisha jicho moja kwa mbali na kuliacha jingine kwa karibu, lakini daktari hakumshauri dereva wa usiku hivyo.

Sipendi msomaji adhani kuwa naipiga vita leza. Binti wa jirani yangu, aliyekuwa na namba hasi 6.5 na umri wa miaka 24, alifanyiwa Nairobi mwaka 2019. Yeye hufanya kazi jikoni katika hoteli, ambako mvuke ulimpofusha kila alipofunua sufuria. Asubuhi iliyofuata alisoma saa ya ukutani akiwa kitandani, akalia. Alitumia matone kwa miezi mingi, taa za usiku zilimsumbua hadi mwezi wa nne, kisha zikatulia. Alikuwa na miaka kama ishirini mbele yake kabla ya miwani ya kusomea. Kwake yeye naona alifanya vema, na ningeliulizwa ningelimchangia. Ila nilimsihi ahifadhi vipimo vyake vya kabla ya upasuaji mahali salama, pamoja na cheti cha ndoa. Akizeeka na kupata mtoto wa jicho, daktari atavihitaji kukadiria lenzi ya kumwekea. Na shinikizo la jicho lililochongwa husomeka dogo kuliko lilivyo, hata glakoma ikaweza kupita bila kugunduliwa.

Fedha pia sharti zisemwe. Bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa ni hiari ya mtu, hivyo mtu hujilipia mwenyewe, na bei ya tangazo mara nyingi haihesabu nauli, malazi, matone ya miezi, siku zisizo na ujira, wala marudio iwapo namba itajirudia kidogo. Muulize daktari yote hayo kabla, na umwulize pia ni nani atakayekuangalia ukipata shida ukiwa umekwisha rudi kwenu.

Njiani kurudi, mpwa wangu hakusema neno mpaka tulipofika Buguruni. Hapo aliniambia kuwa atatumia yale matone kwanza, na kwamba atanunua miwani ya pili ya akiba, yenye vioo vilivyopakwa dawa ya kupunguza mng'ao wa taa, na kamba ya kuifunga shingoni. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya upasuaji. Kama atarudi kwa daktari baada ya miezi 3 au la, hajaniambia, nami sijamwuliza. Macho ni yake.

Jumamosi iliyopita walinialika kwenye kiwanja chao. Bati zilikuwa zimeletwa, na fundi alikuwa juu ya kenchi akigongelea misumari. Mkewe alitaka kuhakikisha kwamba duka halikuwapunja, kwa kuwa unene wa bati huandikwa pembeni kwa herufi ndogo mno. Mimi nilijaribu nikashindwa, na miwani yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani. Mpwa wangu akavua yake, akaikaribisha bati puani, akatusomea namba zote mpaka ya mwisho.