Sikio, Ladha na Unukuzi: Hedifoni ipi kwa Mwanafunzi wa Matamshi?

Utangulizi

Wengi wetu hununua hedifoni kama tunavyonunua redio ya nyumbani. Mtu huivaa dukani, husikiliza wimbo anaoupenda, na akiridhika hulipa. Kwa burudani njia hiyo haina ubaya wowote. Kwa kazi ya kunukuu matamshi, hata hivyo, ina hatari. Makala haya yanakusudia kueleza hatari hiyo inatokana na nini, na mwalimu au mwanafunzi wa Kiswahili afanye nini ili kuiepuka.

Mfano kutoka Mununga

Mununga ni makazi ya wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Kibemba na lugha za jirani zake ndizo zinazotawala huko. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ni lugha ya sokoni. Wachuuzi wa samaki wanapovuka, Kiswahili huvuka nao.

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu zoezi la kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa huko, mchuuzi kutoka ng'ambo akitaja bei. Mwanafunzi mmoja aliandika themanini. Mwenzake aliandika semanini. Tulimpa wa kwanza alama zote na wa pili tukamkata, kwa kuwa tulidhani hakusikia vizuri. Wa pili alilalamika, nasi tukasikiliza upya kwa hedifoni nyingine, kisha tukaitazama sauti yenyewe kwa programu ya Praat. Mchuuzi alikuwa ametamka [s] waziwazi, kama ilivyo kawaida kwa wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo. Tulimrudishia mwanafunzi alama zake na kumwomba radhi. Hedifoni ya mwenzake ilikuwa ya bei kubwa kuliko zote darasani, na ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa besi.

Kwa nini besi ikafuta [s]?

Sikio la kijana mwenye afya husikia masafa ya kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Irabu zina nguvu zaidi katika masafa ya chini na ya kati. Vikwamizo ni tofauti. Nguvu kubwa ya [s] iko juu ya hezi 4,000, ilhali [th] na [f] ni sauti hafifu zilizotawanyika. Ndiyo maana kwenye simu za kawaida za zamani, zilizopitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, watu walichanganya s na f, wakalazimika kutaja herufi mojamoja.

Hedifoni inayokuza besi na kufifisha sauti za juu hufanya jambo linalofanana na hilo. [s] hupoteza makali yake na kuikaribia [th]. Aidha, rekodi za ufukweni huwa na upepo na mngurumo wa injini za boti, nazo ni sauti nzito. Zikikuzwa, huyafunika maneno. Kinyume chake pia kipo: hedifoni inayozidisha sauti za juu huweza kufanya kila kikwamizo kifanane na [s].

Nini maana ya sauti isiyopendelea?

Hedifoni isiyopendelea ni ile isiyoongeza wala kupunguza sehemu yoyote ya kilichorekodiwa. Maana hiyo inaonekana rahisi, lakini ina fundo ndani yake. Sauti inayotoka mbali hugonga mabega, kichwa na kombe la sikio kabla ya kufika kwenye kiwambo, na mfereji wa sikio hukuza masafa ya karibu hezi 3,000. Hedifoni hukata sehemu kubwa ya safari hiyo. Hivyo basi, hedifoni ambayo ingepimwa kwenye kiwambo na kuonekana imenyooka kabisa ingesikika butu. Mtengenezaji hana budi kurudisha kile ambacho mwili wa msikilizaji ungekiongeza. Arudishe kiasi gani? Hapo ndipo wataalamu walipotofautiana kwa miaka mingi.

Kuanzia mwaka 2012, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walichapisha tafiti ambamo wasikilizaji walilinganisha sauti za hedifoni bila kujua ni za kampuni gani wala zinauzwa bei gani. Wengi walichagua sauti inayofanana na ya spika nzuri katika chumba kizuri. Wachache walitaka besi zaidi, na wachache wengine walitaka ipungue. Katika utafiti wao wa mwaka 2014 walishiriki wasikilizaji 238 kutoka Kanada, Marekani, Ujerumani na China.

Msomaji wa Kiswahili atalitambua jambo hili haraka. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha. Usanifu haukuanguka kutoka mbinguni. Watu walikaa, wakachagua, na wasemaji wa lahaja nyingi hawakuwamo mkutanoni. Vivyo hivyo, katika orodha ya nchi nne tulizozitaja hapo juu hamna hata moja ya Afrika. Kipimo kilichochaguliwa na watu bado kina faida kubwa, kwa kuwa wote tunaweza kukirejelea. Kosa ni kukisahau kuwa kilichaguliwa.

Ladha si kosa

Hatusemi kwamba anayependa besi ana sikio bovu. Luapula ni mojawapo ya maeneo yanayohusishwa na muziki wa kalindula, uliopata jina lake kutokana na ala ya besi ya kienyeji. Kijana aliyekulia katika muziki huo, na katika magitaa ya Kongo yanayovuma kutoka spika kubwa za baa, atauona muziki usio na besi kuwa chakula kisicho na chumvi. Ladha yake imejengwa na mahali alipokulia, kama lafudhi yake. Asikilize apendavyo.

Tatizo huanza pale ladha inapoingia kwenye kazi ya ushahidi. Wala bei si kinga. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedifoni 283, akaona hakuna uhusiano kati ya bei na namna zinavyotoa masafa mbalimbali. Anayelipa zaidi huenda analipia ngozi, jina au ladha ya mtengenezaji.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzipime hedifoni zetu kwa jozi za maneno: thamani na samani, dhana na zana, fika na shika. Arekodiwe msemaji anayezitofautisha vizuri, kisha maneno yachanganywe. Hedifoni inayotufanya tukosee mara kwa mara isitumike kwa unukuzi.

Pili, tuzime mpangilio wa kuongeza besi kwenye simu au kompyuta. Mara nyingi umewashwa bila mwenyewe kujua.

Tatu, wanafunzi wawili wanukuu rekodi moja, kila mmoja peke yake na kwa hedifoni tofauti, kabla ya kulinganisha. Wanapotofautiana waitazame sauti kwa Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ambayo hupatikana bila malipo.

Nne, hedifoni za kunukuu na hedifoni za muziki zisiwe lazima kitu kimoja.

Hitimisho

Yapo pia ambayo hedifoni haiwezi kuyatibu. Katika kisa cha Mununga, mwanafunzi wa kwanza alikuwa na kisingizio: kifaa chake kilififisha [s]. Sisi walimu tulikuwa na maandishi mawili mbele yetu, tukachagua lile lililofanana na kamusi kabla hata ya kusikiliza tena. Sanifu ilikuwa ladha yetu, kama besi ilivyokuwa ladha yake. Laiti yule wa pili angenyamaza, ingebaki katika kumbukumbu zetu kwamba mchuuzi yule alisema themanini, neno ambalo hakulitamka, na mwanafunzi aliyemsikia sawasawa angejifunza kutoyaamini masikio yake.

Kwa hiyo, tunapowapa wanafunzi hedifoni nzuri, tujipe na sisi zoezi lilelile: kusikia kilichosemwa kwanza, na kukipima baadaye.